Kikata vidonge, vidonge vya miligramu 2, na famasi inayojua kusubiri

Kwa aliyetumia diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, miaka mingi na sasa amekubaliana na daktari wake aanze kuipunguza, nasema mapema: kikata vidonge chenye wembe na mfuniko angavu kinastahili pesa yake, vidonge vya miligramu 2 vinastahili kuagizwa hata vikichelewa, na famasi ya kushikamana nayo ni ile ambayo mfamasia wake yuko tayari kwenda na wewe polepole, hata kama bei yake imezidi kidogo ya jirani. Vitu hivi vitatu nimevitumia kwa pamoja tangu mwaka jana hapa Tanga, na nitavipima kwa pamoja, maana kimoja bila vingine hakinifikishi popote.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona magauni ya harusi na sare za shule Ngamiani, na kazi yangu haina nafasi ya mkono unaotetemeka wala kichwa kinachosahau vipimo. Diazepamu, ambayo wengi wetu tunaiita Valium hata kama pakiti ina jina jingine, niliandikiwa mume wangu alipofariki. Nilikuwa silali. Moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa tu, na pikipiki ikisimama nje usiku nilihisi imeleta habari ya msiba mwingine. Dawa ilinisaidia, na sitaisema vibaya dawa iliyonivusha wakati ule. Ila hakuna aliyeniambia mwisho wake ni lini. Cheti kikaandikwa upya, kikaandikwa tena, mwaka ukaingia mwaka, nami nikawa mtu wa kidonge cha miligramu 5 asubuhi na kingine usiku.

Aliyebadilisha mambo ni daktari mgeni kliniki. Alisoma faili langu toka karatasi ya kwanza, kisha akaniuliza, "Mama, umewahi kuanguka karibuni?" Nilikuwa nimeanguka, kwenye ngazi za dukani kwangu. Akaniuliza kama nasahau. Vipimo vya wateja ambavyo zamani navishika kichwani kutwa nzima sasa vinanitoka kabla sijafika kwenye daftari. Alinieleza kwamba dawa za kundi hili, benzodiazepini, humfanya mtu mzima kuanguka kwa urahisi zaidi na kupunguza kumbukumbu, na kwamba kazi yake ilikusudiwa iwe ya muda mfupi. Uingereza madaktari walielekezwa tangu 1988 wasizitoe zaidi ya wiki mbili hadi nne. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza maelezo ya dawa zote za kundi hilo yawe na onyo zito kuhusu mwili kuzizoea na hatari ya kuziacha ghafla.

Hiyo hatari ya kuacha ghafla ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, inaitwa GABA, na diazepamu huiongezea nguvu. Dawa ikikaa miaka, ubongo unajirekebisha kwa kuitegemea. Ukiikata siku moja, unabaki huna dawa na utulivu wako wa asili haujarudi. Hapo mtu anatetemeka, anatoka jasho, usingizi unakata, sauti ndogo zinamuumiza, na wengine wanaanguka kifafa ambacho hawajawahi kuwa nacho maishani. Watu wamekufa. Nilipomweleza mtu mmoja wa afya kwamba nataka kutoka kwenye dawa, aliniambia niache tu siku moja na nimwombe Mungu. Mungu namwomba, na dawa naipunguza kwa kipimo.

Sasa nije kwenye kifaa. Kikata vidonge ni kisanduku kidogo cha plastiki kinachoenea kiganjani, kina bawaba nyuma. Ndani kuna pembe ya kulazia kidonge, na mfuniko umebeba wembe uliosimama. Unaweka kidonge, unafunga mfuniko, kinakatika. Nimetumia viwili. Cha kwanza, cha bei ya chini kabisa pale dukani, mfuniko wake ni wa rangi na hauonyeshi ndani, na bawaba inachezacheza. Nusu moja inatoka nene na ya pili nyembamba, na kidonge kikipasuka vibaya huoni mpaka umefungua na unga umemwagika. Cha pili kina mfuniko angavu, vipande vya mpira pande mbili vinavyoshika kidonge kisisogee, na kichumba kidogo cha kutunzia nusu iliyobaki. Tofauti ya bei ni shilingi elfu chache. Kwa kazi hii, usizibane hizo elfu chache.

Nimejaribu pia kisu cha jikoni na wembe wa kunyolea juu ya ubao, kwa sababu najua wengi ndivyo wanavyofanya. Kisu kinakisukuma kidonge kabla hakijakikata. Wembe unakata vizuri, lakini nusu inaruka. Nyumba yangu ina wajukuu wanaotambaa, na nusu ya diazepamu iliyojificha chini ya cherehani ni hatari ambayo siwezi kuikubali. Mfuniko wa kikata vidonge unaizuia nusu isiruke, na kwa hilo peke yake ningekinunua tena.

Namna ya kukitumia vizuri: angalia kidonge chako kina mstari katikati, uulaze sawasawa chini ya wembe, kisha funga kwa mwendo mmoja usiosita. Ukibonyeza taratibu kwa huruma, kidonge kinasagika. Nusu zinatoka nzuri. Robo ndiyo inayosumbua. Kona yake humeguka na huwezi kusema robo zote nne ni sawa. Nilimuuliza mfamasia kama tofauti hiyo ni tatizo. Alinijibu kwamba diazepamu hukaa mwilini muda mrefu: inachukua kati ya saa 20 na 50 hivi nusu yake kutoka, na kile ambacho mwili unaigeuza kuwa hukaa zaidi, hata kufika saa 100. Kwa hiyo kipande kilichozidi kidogo leo kinasawazishwa na kilichopungua kesho, mradi vipande vyote vya kidonge kimoja uvimeze kwa kufuatana kabla hujakata kingine. Wenye dawa za kundi hili zinazotoka haraka, kama alprazolamu, wanasikia tofauti mapema zaidi. Na kuna vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa kidogo kidogo kutwa nzima. Hivyo kwa kawaida havikatwi, ukivikata dawa inaweza kumwagika yote mara moja. Kabla hujaweka kidonge chochote kwenye kifaa hiki, muulize mfamasia kama kinakatika.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu. Kidonge kilichokatwa kikikaa wazi kinalainika na kumeguka pembeni. Mimi nakata vya wiki moja tu, Alhamisi usiku, chini ya taa ya cherehani, navifungia kwenye kisanduku chenye vyumba saba vya siku, na kisanduku nakiweka juu ya kabati lenye ufunguo. Wembe wa kifaa unaisha makali. Dalili yake ni unga kuongezeka. Kufuta ndani kwa kitambaa kikavu kunatosha, msikioshe kwa maji kikabaki na unyevu.

Kasoro moja ya kifaa siwezi kuiacha: kwa mtu ambaye mikono inamtetemeka, na wakati wa kupunguza dawa mikono hutetemeka, kulaza kidonge kidogo pale kwenye pembe ni kazi. Kuna asubuhi ambazo binti yangu amenikatia. Watengenezaji wangekifanya kiwe kikubwa kidogo na chenye rangi nyeusi chini ili kidonge cheupe kionekane.

Lakini kifaa kizuri kiasi gani hakitamsaidia mtu mwenye vidonge vya miligramu 5 peke yake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimekutana na watu waliokwama hapa wakadhani wao ndio dhaifu.

Daktari wangu anafuata mwongozo ambao vyama vya madaktari wa Marekani waliutoa 2025. Unasema punguzo la kuanzia liwe kati ya asilimia 5 na 10 ya dozi, kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa vyovyote lisizidi asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Chukua kidonge cha 5 ukigawe robo nne. Robo ni 1.25. Mtu aliye kwenye miligramu 10 kwa siku akitoa robo moja amepunguza asilimia 12.5, amekaribia kipimo. Akifika kwenye 5, robo ileile ni asilimia 25. Akifika kwenye 2.5, robo ileile ni nusu ya dawa yake yote. Kwa macho ni kipande kilekile, kwa mwili ni kitu kingine kabisa. Ndiyo maana watu wanashuka vizuri mwanzo, wanafurahi, halafu huku chini wanashikwa na wasiwasi mkubwa kuliko ule wa zamani, wanarudi juu na kusema dawa hii haiachiki.

Vidonge vya miligramu 2 vinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ukiwa navyo pamoja na vya 5, unaweza kutengeneza karibu kila hatua bila kugusa robo. Tisa ni kimoja cha 5 na viwili vya 2. Nane ni vinne vya 2. Saba ni 5 na 2. Sita ni vitatu vya 2. Nne na nusu ni nusu ya kidonge cha 5 na kimoja cha 2. Tatu na nusu ni nusu ya cha 5 na nusu ya cha 2. Moja na nusu ndipo robo ya cha 2 inapohitajika kwa mara ya kwanza, nayo ni miligramu 0.5. Mimi si mtu wa hesabu za shule, lakini vipimo ndiyo kazi yangu ya kila siku, na jedwali hili lilinituliza kuliko maneno mengi niliyoambiwa. Nilijua kila hatua ipo na inatengenezeka.

Hapa mjini, kila nilipouliza, vya 5 vilikuwepo na vya 2 havikuwepo. Mfamasia aliviagiza Dar es Salaam, vikachukua muda, na bei yake kwa kila miligramu ni kubwa zaidi kwa sababu unalipia vidonge vingi vya dozi ndogo. Navipa sifa kamili hata hivyo. Ni vidogo, vina mstari, vinakatika safi.

Kuhusu maji. Shoga yangu aliniambia niloweke kidonge kwenye glasi ya maji, nikoroge, kisha nimwage kiasi na kunywa kinachobaki. Nilimpelekea mfamasia wazo hilo na akalikataa palepale. Diazepamu haiyeyuki vizuri kwenye maji. Chembe zake zinazama chini, kwa hiyo leo unaweza kunywa nyingi na kesho ukanywa maji matupu. Ipo dawa ya maji iliyotengenezwa kiwandani, Uingereza ina ya miligramu 2 kwa kila mililita 5, na unapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hiyo ingenifaa sana huku chini nilikofika. Hapa sijaipata.

Sasa famasi yenyewe. Mwenyewe ameniomba nisiandike jina, kwa kuwa hii si huduma anayoitangaza na hataki watu wafike kwake bila cheti wakitegemea kuuziwa. Nitaheshimu hilo. Ninachoweza kusema ni vitu gani anafanya, ili nawe uvidai kwenye famasi yako.

Kwanza hauzi bila cheti. Yako maduka yanayouza, na kwa miaka fulani maduka ya namna hiyo ndiyo yaliyonirahisishia kuendelea bila mtu kuuliza chochote. Huyu anauliza. Nilipofika na mpango wa daktari mara ya kwanza aliusoma mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Huu mpango nimeuelewa, ila kukupa pakiti nzima nitakupa kazi ya kuhesabu kila siku. Niruhusu nikufungie kwa wiki."

Anafunga kwa bahasha ndogo za kaki, kila wiki na bahasha yake, na juu anaandika kwa kalamu nene: asubuhi miligramu 4, usiku miligramu 5, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Daktari alinieleza kwamba Uholanzi wameliendeleza wazo hili mpaka mwisho: dawa za kupunguza hufungwa kwenye mkanda wa vifuko vya siku 28, kila siku na kifuko chake chenye kiasi sawa na cha awali au kidogo zaidi, mgonjwa anachana tu na kumeza. Bahasha za kaki za Ngamiani hazijafika huko, lakini zimeniondolea lile swali la saa nne usiku, je, nimemeza au sijameza.

Pili, anajua kusubiri, na ananifundisha kusubiri. Punguzo la diazepamu halisikiki siku ileile. Dawa ya zamani bado inatoka mwilini taratibu, kwa hiyo unaweza kuwa na siku nzuri kadhaa ukadhani mambo ni mepesi, halafu katikati ya wiki inayofuata usingizi unakukimbia na vidole vinachoma. Aliye na haraka hupunguza tena wakati wa zile siku nzuri, na madeni mawili yanamdai kwa pamoja. Nilielewa kwa lugha ya kazi yangu: gauni la bibi harusi likimpwaya huligusi kwa mkasi, unabana kwa pini, anatembea nalo, anakaa nalo, na ndipo unakata, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa hakirudi. Kabla ya kila hatua mpya mfamasia ananipigia simu. Anauliza nimelala kuanzia saa ngapi, mikono ikoje, sauti za mashine zinanisumbua, nimeogopa nini wiki hii. Mambo yakiwa hayajatulia anasema tukae palepale na anamwarifu daktari. Hajawahi kuniambia nimechelewa.

Tatu, na kwa hili ningempa nishani kama ningekuwa nazo: alinikamata na omeprazoli. Nilikuwa na kiungulia, nikaenda kununua dawa ya tumbo kama mtu yeyote. Mkono ukiwa tayari kwenye pakiti akasimama akaniuliza kama nimewahi kuitumia tangu tuanze. Omeprazoli inalichelewesha ini kuivunja diazepamu, kwa hiyo diazepamu inaongezeka mwilini bila wewe kuongeza kidonge. Ukiizoea halafu ukaiacha omeprazoli, diazepamu inashuka yenyewe, na utahisi umepunguzwa dozi siku ambayo hukupunguza. Alimpigia daktari nikiwa nimesimama pale. Nikapewa dawa ya kutafuna ya kupoza asidi, nayo niitafune mbali na saa ya diazepamu. Duka linalouza tu lisingeliona hilo. Wengine wenu mnatumia tramadoli kwa maumivu ya mgongo au mnakunywa pombe. Hivyo viwili pamoja na benzodiazepini vinaweza kuzima pumzi ya mtu usingizini. Mwambieni mfamasia kila kitu mnachomeza.

Kasoro za famasi hiyo zipo na nimemwambia mwenyewe. Hakuna pa faragha. Unasimama kwenye kaunta, nyuma yako kuna mteja wa dawa ya kikohozi, na wewe unaeleza kwamba juzi ulilia bila sababu. Mji wetu ni mdogo. Kiti kimoja na pazia vingetosha. Pazia nimejitolea kumshonea. Jumapili anafunga, na dawa ya mtu wa mpango huu ikiisha Jumamosi jioni hana pa kwenda. Na vya 2 viliwahi kumwishia siku chache kabla ya Idi, ikabidi daktari anirudishe kwenye mchanganyiko wa vya 5 kwa muda, hatua ikawa kubwa kuliko ilivyopaswa, na Idi ile niliipitisha chumbani. Tangu hapo anaagiza kabla ya nusu ya mwisho kuisha. Ukianza mpango wako, hakikisha dawa ya hatua mbili zijazo imeshafika mjini.

Niongeze mambo mawili ya huku kwetu ambayo sikuyakuta kwenye maelezo ya wageni. La kwanza ni Ramadhani. Nilikuwa nagawa dozi asubuhi na usiku. Kwa kuwa diazepamu inakaa mwilini muda mrefu, daktari aliona inawezekana kuihamishia kwenye daku na baada ya kufuturu bila shida, lakini alikataa katakata tushuke hatua yoyote mwezi ule: usingizi umevunjika, chakula kimebadilika saa, mwili tayari una kazi. Tulisimama palepale mwezi mzima. Mwenye dawa inayotoka haraka mwilini asifanye mabadiliko haya kwa kusoma kwangu, azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama. La pili ni kahawa. Mimi ni mtu wa kahawa chungu na kashata baada ya alasiri, na wakati wa kupunguza dawa vikombe vile viwili vilinifanya moyo upige kama wa siku za msiba. Nimebaki na chai ya mchaichai. Naikosa kahawa kwelikweli.

Kliniki pia walinikutanisha na mshauri wa mazungumzo, na sitalipitisha jambo hili kama pambo. Wasiwasi ulionipeleka kwenye dawa haukufa, ulilazwa. Dawa ilipopungua ukaamka, na huyo mshauri ndiye aliyenifundisha kuukalia: kupumua nje kwa muda mrefu kuliko ndani, kuandika ninachoogopa na kukisoma kesho yake mchana, kutomkimbia yule wa pikipiki. Kupunguza vidonge bila kupata msaada wa namna hii naona ni kumwonea mtu.

Watu waliniuliza kama huu wote ni ubunifu wa famasi moja. Sivyo. Diazepamu ilitoka katika maabara ya kampuni ya dawa ya Roche kwa kazi ya mkemia Leo Sternbach na wenzake, ikaingia sokoni 1963, na matatizo ya kuiacha yakaonekana kadiri watu walivyozidi kukaa nayo. Mjini Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu wanaotaka kuziacha dawa hizi kuanzia 1982 hadi 1994. Yeye aliwahamisha taratibu waliokuwa kwenye dawa zinazotoka haraka kwenda kwenye diazepamu, kisha akawashusha kutoka hapo kwa vipande vidogo. Katika hesabu yake miligramu 0.5 ya alprazolamu inalingana na 10 hivi ya diazepamu, na hili waliotumia alprazolamu walitazame vizuri: kile kidonge kidogo si dawa ndogo. Uhamisho huo haufanywi nyumbani.

Nani asinunue kikata vidonge leo? Mjamzito, mwenye kifafa au aliyewahi kudegedeka, anayekunywa pombe nyingi kila siku, anayemeza vidonge vingi kuliko alivyoandikiwa, na anayewaza kujidhuru. Hao waanzie hospitali, wengine hulazwa kwa siku za mwanzo na ni sawa. Na yeyote aliyeanza akaona degedege, kuchanganyikiwa, au kuona vitu visivyokuwepo, asisubiri simu ya mfamasia; apelekwe hospitali saa ileile.

Kwa atakayekwenda dukani: omba kuonyeshwa kifaa kimefunguliwa, kifunge na kukifungua uone kama bawaba inacheza, na uangalie mfuniko unaonyesha ndani. Chukua pia kisanduku cha vyumba saba. Nenda famasi asubuhi, kabla ya foleni, ndipo utapata nafasi ya kuongea.

Mimi sasa niko kwenye miligramu 1 usiku. Kumbukumbu ya vipimo imerudi kwa sehemu kubwa, usingizi bado ni wa vipande vipande, na mkono unashona shanga bila kutetemeka siku nyingi kuliko zamani. Daktari ameona kutoka 1 kwenda 0.5 ni nusu nzima, kwa hiyo tutakaa hapa muda mrefu kuliko hatua zote zilizopita, na mfamasia anaulizia Dar es Salaam na Nairobi kama dawa ya maji inaweza kupatikana kwa njia halali. Ikipatikana nitaipima nayo niandike. Isipopatikana, nitajua kikata vidonge hiki kinaweza nini kwenye robo.